UZI: Kukaa sawasawa kwenye kiti cha dereva. Anza na makalio, usukani uwe wa mwisho

Mkufunzi_Bombo (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajukwaa. Hapa maswali ya mto wa mgongo hayaishi: ununuliwe upi, uwekwe wapi, na kama gari fulani linakaa vizuri kuliko lingine kwa safari ya Gulu. Kabla ya kununua mto, na kabla ya kufikiria kubadili gari, kiti ulicho nacho kipangwe kwanza. Magari mengi tunayoendesha Uganda yalitumika Japani, yanatufikia na kiti pale alipokiacha dereva aliyelitoa bandarini. Mwenye gari anakivuta mbele kidogo, anakaa nacho hivyo miaka yote.

Wengi wanaanza na usukani. Wanaushika, wanasogeza kiti mpaka mikono isikie raha, halafu miguu ijitafutie yenyewe. Mambo yanaharibika hapo. Usukani unaweza kuupandisha, kuushusha, na kwenye baadhi ya magari kuuvuta. Pedali kwenye gari la kawaida hazisogei. Kwa hiyo tunaanzia chini, tunapanda.

Simamisha gari mahali tambarare, handibreki juu, gia kwenye P au fri, injini inawaka. Injini lazima iwake, kwa sababu ikizimwa ule msaada wa breki unaisha ukishakanyaga mara mbili tatu, pedali inakuwa ngumu na haishuki kama inavyoshuka barabarani. Utapima uongo. Toa pochi na simu mifuko ya nyuma ya suruali. Pochi nene chini ya kalio moja inapindisha nyonga, na nyonga ikipinda uti wa mgongo wote unaifuata.

Sasa jinyanyue kidogo, sukuma makalio nyuma mpaka yafike kwenye kona pale kikalio na mgongo wa kiti vinapokutana. Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Ukiacha nafasi ya vidole vinne pale nyuma, hakuna mto utakaokusaidia.

Kimo: pandisha kiti mpaka macho yawe karibu na katikati ya kioo cha mbele kwa wima, na kati ya kichwa na paa ibaki nafasi ya vidole vinne vilivyopangwa, kama sentimita 8. Usipunguze hapo, maana matuta yetu na mashimo yanakurusha. Nyonga zisiwe chini ya magoti. Magari madogo mengi yanakaa chini na watu wanapenda hivyo, lakini nyonga ikizama chini ya goti, kiuno kinajikunja kwenda nyuma na ule mviringo wa kawaida wa mgongo unapotea.

Umbali: kanyaga breki mpaka mwisho kwa wayo, si kwa ncha ya vidole. Goti libaki limekunjwa, pembe ya kama nyuzi 120. Gari la gia za mkono pima kwa klachi, kwa sababu mguu wa kushoto ndio unaokwenda mbali zaidi. Mguu ukinyooka kabisa kuna hasara mbili: hutakuwa na nguvu ya kumalizia breki ya dharura, na gari likigonga, nguvu yote inapita kwenye mfupa ulionyooka hadi kwenye nyonga. Kisigino cha kulia kikae sakafuni mbele ya breki, na pedali ya mafuta uifikie kwa kuzungusha wayo kwenda kulia bila kuhamisha kisigino. Kati ya ukingo wa kikalio na nyuma ya goti paingie vidole viwili au vitatu.

Mgongo wa kiti: nyuzi 100 hadi 110 kutoka kwenye kikalio. Kipimo chake ni kifundo cha mkono. Mabega yakiwa yameegemea, nyoosha mkono, laza kifundo juu kabisa ya usukani. Kikifika bila bega kuondoka kwenye kiti, umepata. Ukifikia kwa vidole tu, simamisha mgongo wa kiti. Usivute kiti chote mbele, utaharibu miguu uliyokwisha kuipanga.

Usukani sasa. Shika saa 9 na saa 3, viwiko vimekunjwa, mabega yamelegea. Katikati ya usukani paangalie kifua, pasiangalie uso. Kutoka hapo hadi kwenye kidari chako pawe angalau sentimita 25. Ndicho kipimo ambacho NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, inakishauri, inchi 10 kwa hesabu yao. Mfuko wa hewa unafumuka kwa nguvu kubwa sana, na aliyeukaribia zaidi ya hapo anaumizwa na kitu kilichowekwa kimwokoe.

Kiegemeo cha kichwa: ncha yake ilingane na utosi, na kiwe karibu na kisogo kadiri inavyowezekana. Wengi wanakiacha chini kabisa, usawa wa shingo. Kikiwa hapo, ukigongwa kwa nyuma kichwa kinapinduka juu yake.

Mkanda upite katikati ya bega juu ya mtulinga, na wa chini ulale kwenye mifupa ya nyonga. Usikae juu ya tumbo.

Vioo ni vya mwisho. Kioo cha ndani kipange ukiwa umekaa wima hasa. Baada ya saa moja ukiona kimeacha kuonyesha kioo chote cha nyuma, usikiguse. Ni wewe umeshuka kitini. Rudisha makalio mahali pake.

---

Mrefu_wa_Soroti

Asante mkufunzi. Nina swali la vipimo. Mtu wa mita 1.91, gari ni sedani ya Japani, usukani unapanda na kushuka tu, hauvutiki. Kiti kikiwa nyuma kiasi cha magoti kupona, kifundo hakifiki juu ya usukani. Kikiwa mbele kiasi cha mikono kufika, goti la kulia linagusa chini ya dashibodi. Hapo mtu achague nini?

---

Fundi_Viti_Ndeeba

Ndugu wa Soroti, miguu kwanza, mikono itafuata. Rudisha kiti nyuma mpaka goti lipone, kisha simamisha mgongo wa kiti kuliko ulivyozoea, hata kufika nyuzi 95 hadi 100. Kwa mtu mrefu, kusimamisha mgongo wa kiti kidogo tu kunaleta mabega mbele sentimita kadhaa. Kichwa kikigusa paa, shusha kiti hadi mwisho. Gari lenye dirisha la paa linakula sentimita kadhaa za kichwa, kwa hiyo mtu wa kimo chako anayetafuta gari aangalie hilo kabla ya rangi na rimu.

Tatizo linalobaki kwa warefu ni mapaja. Kikalio kinaishia katikati ya paja na goti liko juu, uzito wote unakaa kwenye makalio. Hapa dawa ni kuinua mbele ya kikalio. Kama kiti kina kitasa cha mbele cha kuinamisha, kitumie. Kama hakina, bolti za mbele za reli zinaweza kuinuliwa kwa kipande cha chuma.

Hesabu yake: bolti za mbele na za nyuma zikiwa sentimita 35 kutoka moja hadi nyingine, kuinua mbele milimita 10 kunainamisha kiti karibu nyuzi 1.6. Milimita 20 ni kama nyuzi 3.3. Inaonekana ndogo, ila paja linaisikia. Zaidi ya hapo usiende.

Jinsi ya kufanya, na ukikosea hapa ni maisha ya mtu:

Toa waya wa hasi wa betri, subiri sekunde 90 kabla ya kugusa chochote chini ya kiti. Plagi ya rangi ya njano pale chini ni ya mfuko wa hewa wa pembeni au ya kikaza mkanda. Isipimwe kwa taa ya kupimia umeme, isivutwe betri ikiwa imeunganishwa. Halafu bolti nne. Toyota nyingi zinafunguka kwa soketi ya 14.

Kipande cha kuinulia kiwe chuma kizima kilichotobolewa tundu moja, kipana kama kitako cha reli. Mafundi wa chuma wa Katwe, Kampala, watakuchongea. Usirundike wosha tano au sita. Zinateleza moja juu ya nyingine, bolti inapinda, na kiti kinaanza kugonga kila ukifunga breki. Bolti nayo ibadilishwe iwe ndefu kwa kiasi kilekile ulichoinua. Bolti ya milimita 10 inataka angalau milimita 10 za meno ziwe zimeingia kwenye nati ya bodi. Ukiweka kipande cha milimita 15 na kubaki na bolti ileile, umebakiwa na meno matatu manne yanayoshika mtu mzima. Kichwani iwe imeandikwa 8.8 au 10.9 (daraja la uimara wa chuma), na isipungue ile iliyotoka na gari. Bolti isiyo na alama ni ya mageti.

Kukaza: Toyota ndogo nyingi zinataka 37 N·m (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) kwa bolti za kiti. Angalia kitabu cha gari lako. Kaza za nyuma na za mbele kwa kupishana, ukiwa umesogeza kiti mbele na nyuma kuhakikisha reli zote mbili zinateleza sawa.

---

Mkufunzi_Bombo

Fundi amesema vizuri. Naongeza moja kwa warefu: kuna wanaotengenezewa mabano ya kurudisha reli zote nyuma sentimita tano au zaidi. Sikubaliani nayo hata kidogo. Kuinua mbele kwa chuma kizima, mzigo bado unapita kwenye matundu ya kiwanda. Mabano ya bapa la chuma yanahamisha kiti nje ya matundu hayo, na kwenye ajali bapa linakunjuka. Vilevile kuna wanaoongeza kipande kati ya usukani na mhimili wake ili usukani uje karibu. Gari lenye mfuko wa hewa usilifanyie hivyo.

---

Tabibu_wa_Viungo

Naomba niweke upande wa mwili, kwa sababu mahali panapouma panakuonyesha kilichokosewa.

Kiuno kinauma baada ya nusu saa au saa: karibu kila mara makalio hayako nyuma, au mgongo wa kiti umelazwa na mtu anajivuta mbele kwa mikono. Kama kiti kina kirekebisha kiuno, kivimbe usawa wa mkanda wa suruali au juu yake kidogo. Kikikaa juu zaidi, kinasukuma mbavu na kuongeza maumivu.

Kati ya mabega: usukani uko mbali. Dereva anashikilia mikono hewani kwa misuli ya mgongo wa juu.

Shingo: angalia mgongo wa kiti kabla ya kulaumu kiegemeo. Mtu aliyelala nyuzi 125 lazima akunje shingo mbele ili aone barabara, na anaikunja hivyo kutoka Kampala mpaka Masaka.

Muundi wa mguu wa kulia, ule upande wa mbele: kiti kiko karibu mno au wayo umeinuka mno, na misuli ya mbele ya mguu inashikilia wayo usilemee mafuta. Sogeza kiti nyuma kidogo kidogo, jino moja moja la reli, mpaka wayo upumzike juu ya pedali. Kapeti nene mbili zilizowekwa juu ya nyingine nazo zinaleta shida hii, kwa sababu zinainua kisigino huku pedali imebaki palepale. Tena kapeti ya juu isiyofungwa kwenye ndoano yake inaweza kusogea ikaingia chini ya breki.

Nyonga ya kulia au kalio la kulia, pengine na ganzi inayoshuka nyuma ya paja: ukiacha pochi, tazama goti linaelekea wapi. Magari yetu usukani uko kulia, na uvungu wa tairi la mbele la kulia unaingia pale miguu inapokaa. Kwenye magari kadhaa pedali zimesukumwa kushoto kwa ajili hiyo, kwa hiyo makalio yanatazama mbele na miguu inaelekea katikati ya gari. Huwezi kuhamisha pedali. Unachoweza ni kutumia sehemu ya kupumzishia mguu wa kushoto. Ukiukanyagia pale, nyonga inakaa mraba kitini. Mguu wa kushoto ukikunjwa chini ya kiti, kama wafanyavyo madereva wengi wa otomatiki, nyonga inageuka na ya kulia inalipa.

Ganzi chini ya paja: ukingo wa kikalio umeinuka mno au kiti kiko juu kuliko miguu. Fundi, hili liwe onyo kwa anayeinua mbele ya kiti. Akishainua, vidole viwili bado vipite chini ya paja karibu na goti.

Taulo, kwa asiye na kirekebisha kiuno: chukua taulo dogo la mikono, likunje kwa urefu, kisha liviringishe mpaka likibanwa na mgongo libaki na unene wa sentimita 3 hadi 4. Weka juu ya mkanda wa suruali. Lifunge kwa kamba inayozunguka nyuma ya kiti. Taulo lisilofungwa linateleza, linaangukia sakafuni, na sakafuni kuna pedali. Mwanzoni utahisi linasukuma. Likikusukuma mpaka mabega yaachane na kiti, ni nene mno, punguza mzunguko mmoja.

---

Nyota_ya_Arua

Daktari, na viatu? Hapa kwetu watu wanaendesha na kandambili, lugabire (sandali za tairi), na wakati wa mvua gambuti.

---

Tabibu_wa_Viungo

Dada Nyota, soli nyembamba, ngumu kiasi, iliyoshika kisigino. Kandambili inakunjika chini ya breki. Lugabire yenye mkanda wa kisigino ni afadhali, lakini soli ya tairi ni nene na pana, unaweza kugusa pedali mbili pamoja bila kuhisi. Gambuti haikuruhusu kukunja kifundo, kwa hiyo unanyanyua mguu wote na kisigino kinaelea. Weka viatu vya kuendeshea kwenye gari, na usiviweke chini ya kiti chako, viweke nyuma.

---

Mama_Jinja_Road

Jamani mmewasemea warefu. Sisi wa mita 1.52 je? Tukisogea mpaka tufikie breki, kifua kiko kwenye usukani.

---

Mkufunzi_Bombo

Mama, kwako mpangilio ni uleule ila kimo ndicho kinachookoa. Pandisha kiti mpaka juu kwanza. Kwenye magari mengi kikipanda kinasogea mbele kidogo pia, na miguu inashuka kwenye pedali badala ya kuzifuata mbele. Kisha kisogeze hadi ukanyage breki yote. Sasa laza mgongo wa kiti kidogo, nyuzi 110 hadi 115, na sukuma usukani kuelekea dashibodi kama unasogea, au ushushe uangalie kidari. Hapo sentimita 25 hupatikana mara nyingi hata kwa mtu mfupi. Pima kwa rula, msikadirie kwa macho.

Kama kiti hakipandi, tumia mto wa kabari, mgumu, usiozidi sentimita 5 upande wa nyuma, wenye kitambaa kisichoteleza chini. Mto laini wa sebuleni usiutumie. Ukifunga breki kali unabonyea, mwili unateleza mbele, mkanda wa nyonga unapanda tumboni. Humo tumboni hakuna mfupa wa kuuzuia.

Mjamzito: mkanda wa chini upite chini ya tumbo, kwenye nyonga, na wa juu upite kati ya matiti na pembeni ya tumbo. Rudisha kiti nyuma kadiri tumbo linavyokua, na uinue usukani uelekee kifuani. Siku ambayo sentimita 25 hazipatikani tena huku breki inafikiwa, mwingine aendeshe.

---

Stagi_Kuu

Wakuu, msisahau Toyota Hiace, zile gari za abiria za stagi. Mpangilio wa sedani haukubali humo.

---

Fundi_Viti_Ndeeba

Kweli kabisa. Hiace dereva amekaa juu ya tairi la mbele na injini iko chini ya viti. Usukani umelala zaidi, pedali zinakanyagwa kwenda chini, si kwenda mbele, na nyuma ya kiti hakuna nafasi kubwa ya kurudi. Kwa hiyo kaa wima, nyuzi 95 hadi 100, goti likaribie nyuzi 100. Usukani ushushwe mpaka upande wa juu ufikiwe bila kuinama. Mtu akiuacha juu, anaukumbatia kwa mbele, na mgongo hauegemei chochote kutoka stagi hadi stagi.

Joto la chini ya kiti si la kuvumilia tu. Kiti kinapofungwa juu ya injini kuna mpira pembeni na zulia la kuzuia joto. Mpira ukikatika, joto na moshi vinapanda. Fundi wa injini akifungua na kufunga kwa haraka mpira unaachwa umekunjika, nenda ukaangalie. Vilevile hakikisha vile vishikio vya kufungia kiti vimefungwa vyote.

---

Kabalagala_Oto

Gari limetoka Japani na kilomita nyingi, kiti kimebonyea upande mmoja. Kupanga hakusaidii, mwili unaegemea mlangoni. Tubadilishe kiti kizima kutoka soko la vipuri la Kisekka?

---

Fundi_Viti_Ndeeba

Bwana Kabalagala, fungua kwanza uone. Usukani wa kulia maana yake dereva anaingia kwa mlango wa kulia, na kila akiingia anaburuza kalio juu ya ukingo wa kulia wa kikalio. Ndiyo maana upande huo unakufa kabla ya wa kushoto.

Sogeza kiti nyuma hadi mwisho, lala sakafuni ya nyuma na tochi, tazama kikalio kwa chini. Utaona waya zilizopinda kwa umbo la nyoka, au wavu wa waya ulioning'inizwa kwa springi ndogo pembeni. Pitisha mkono, sukuma kila waya kwenda juu. Ule uliolegea utausikia mara moja, haurudishi. Mara nyingi kilichovunjika ni kishikio kidogo cha plastiki mwisho wa waya, na ncha tupu ya waya imeanza kukata sponji: utaona mfereji umechimbwa kwenye sponji, na unga wa njano umechanganyika na vumbi jekundu la barabara za murram chini yake. Kishikio ni kitu cha bei ndogo. Kibadilishe, weka kitambaa kigumu kati ya waya na sponji.

Kama waya ni wazima na sponji ndiyo imechoka, msiongeze sponji juu, chini ya kitambaa. Inaharibu umbo la kiti, mwili unakaa juu ya kiti badala ya ndani yake, na unakuwa umepanda sentimita mbili tatu, upange upya kila kitu. Ongeza kwa chini, kati ya sponji ya zamani na waya, tabaka la sentimita 2 la sponji ile nzito iliyobanwa kutokana na vipande. Sponji laini ya godoro jepesi itabonyea tena upesi.

Tahadhari mbili. Kiti cha abiria mara nyingi kina kipimia uzito ndani ya kikalio, usikikate wala usikitoboe. Na ukiona ubavuni mwa kiti kitambulisho kilichoandikwa SRS AIRBAG, usivishe kiti kava iliyoshonwa kufunika mshono wa upande huo. Mfuko wa hewa unatokea pale pale kwenye mshono.

Kiti kizima cha Kisekka ukinunue lini? Fremu ikiwa imepinda, au gia ya kuegemea imekula meno. Ukinunua, plagi zilingane na za gari lako, na kiti kisitoke kwenye gari ambalo mifuko ya hewa ilishafumuka.

---

Nyota_ya_Arua

Vioo mmevipitia haraka. Kampala boda wanapita pande zote mbili, mtu anapanga vipi?

---

Mkufunzi_Bombo

Njia inayopunguza sana sehemu isiyoonekana ni hii. Egemeza kichwa karibu na dirisha la kulia, geuza kioo cha kulia nje mpaka ubavu wa gari ubaki kidogo tu kwenye ukingo. Kisha egemea katikati, juu ya handibreki, ufanye hivyohivyo kwa cha kushoto. Ukirudi kukaa kawaida huoni tena ubavu wa gari lako, unaona njia ya pili.

---

Stagi_Kuu

Samahani mkuu, hiyo ni ya Entebbe Expressway. Ukiwa Kibuye kwenye jam, boda anapita kiganja kimoja kutoka mlangoni. Usipoona ubavu wa gari lako hujui yuko umbali gani.

---

Mkufunzi_Bombo

Hoja hiyo naikubali kwa mjini. Acha ubavu wa gari uonekane kwa upana wa kidole kimoja, na inamisha kioo upeo wa macho ukae theluthi ya juu. Kona ya chini upande wa nje bandika kioo kidogo cha mviringo. Ukitoka mjini kwenda barabara kuu, geuza nje. Wenye magari ya juu yaliyotoka Japani na kile kioo kidogo juu ya bodi, mbele kushoto: nacho kinategemea kimo cha kiti. Ukipandisha kiti kipangeni upya.

---

Mrefu_wa_Soroti

Na abiria wa mbele? Safari ndefu anakilaza kiti analala.

---

Tabibu_wa_Viungo

Akilaza sana, mkanda wa bega unakaa hewani mbele yake, haumgusi. Gari likigonga anateleza chini ya mkanda kabla haujamshika. Akitaka kusinzia, asizidi nyuzi 115 hivi, na makalio yawe nyuma kama ya dereva. Kiti kirudi nyuma, lakini nyayo ziguse sakafu. Miguu juu ya dashibodi hapana: mfuko wa hewa ukifumuka, goti linakuja usoni na nyonga inavunjika. Mtoto akae nyuma.

Kwa dereva wa Kampala hadi Gulu au Arua: hata mpangilio ulio sawa kabisa unachosha misuli ikishikwa hali moja. Kila saa badilisha mgongo wa kiti kwa jino moja, nusu saa baadaye urudishe. Na kila saa mbili shuka, tembea dakika kumi. Ukisimama Kigumba au Karuma kwa chakula, usitoke kitini ukakae tena mezani hapohapo.

---

Kabalagala_Oto

Fundi, la mwisho. Nikivuta kiti mbele kinakuja kimekaa upande, reli moja inafunga na nyingine inachezacheza. Ni hatari au kero tu?

---

Fundi_Viti_Ndeeba

Ni hatari, usiendeshe hivyo. Kiti kinashikwa na upande mmoja, ukifunga breki kali kinaweza kuachia. Rudisha nyuma hadi mwisho kabisa, sukuma kwa miguu mpaka pande zote zigonge kizuizi, halafu kisogeze mbele polepole usikilize milio miwili ya kufunga. Ukisikia mmoja tu, tafuta kwenye reli ya pili: sarafu, kifuniko cha soda, karanga, mchanga. Safisha kwa brashi ngumu na hewa ya kompresa, kisha paka grisi nyeupe ya lithiamu kidogo. Oili ya injini usipake, inashika vumbi na baada ya miezi inakuwa saruji. Kama reli ni safi na bado haifungi, fuata ule waya au fimbo inayounganisha kitasa na kufuli ya upande wa pili. Mara nyingi imechomoka kwenye ndoano yake au imepindishwa na mzigo uliosukumwa chini ya kiti. Irudishe, kisha kaa kitini, shika usukani, jisukume nyuma na mbele kwa nguvu mara kadhaa. Kisicheze hata milimita moja.